Uvungu wa ngazi: milango, droo, au masanduku ya magurudumu?

Kila Desemba nyumba yetu ya Rau, hapa Moshi, hupokea watu kumi na wawili, na mwaka mwingine hufika kumi na tano. Wanapanda kutoka Dar na Dodoma kuanzia tarehe 20, na kila anayefika anahitaji godoro, blanketi, sahani na kikombe. Sufuria zinazotolewa siku hizo ni zile za kupikia pilau ya watu thelathini. Januari wageni wanashuka, na vitu vyote hivyo vinabaki kutafuta mahali pa kukaa kwa miezi kumi na moja. Nyumba haina stoo. Kilichopo ni ngazi ya zege, na chini yake uvungu ambao kwa miaka minne ulikaliwa na baiskeli mbovu na madumu matupu.

Nimeishi na aina mbili za kabati katika uvungu huo. Ya kwanza, ya milango, tuliivunja baada ya misimu miwili ya masika. Ya pili, masanduku ya magurudumu, ndiyo iliyopo mpaka leo. Droo nazijua kwa mdogo wangu anayeishi Njiro, Arusha, na pazia naliona kila siku kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nalinganisha hizo nne, na ya tano ni ukuta wa tofali, ambao mafundi wengi huupendekeza kabla hata hawajauliza unataka kuweka nini.

Gharama nitazihesabu kwa idadi ya bodi za futi nne kwa nane na siku za fundi. Bei ya bodi hupanda na kushuka, lakini kabati linalokula bodi nne litakula bodi nne mwaka huu na mwakani. Chukua idadi hiyo, ingia nayo maduka matatu, utapata jibu lako la siku hiyo.

Pima kabla ya kumwita fundi

Wengi hupima pale juu kabisa, wakaona mita mbili na zaidi, wakafurahi. Kinachoamua ni mteremko. Chukua ngazi iliyonyooka ambayo kila kipandio kinapanda sentimita 17, pa kukanyaga ni sentimita 27, na zege lake lina unene wa sentimita 15. Ukienda mita moja kutoka kipandio cha kwanza, kimo cha uvungu ni sentimita 45 tu. Mita ya pili kinafika mita 1.08. Mita ya tatu ni mita 1.7, ambapo mtu mzima anaingia akiinamisha kichwa kidogo. Ile mita ya mwanzo ni kona kali ambayo haifai kujengewa kitu cha fedha nyingi.

Sasa angalia kipande cha kati ya mita ya kwanza na ya tatu. Kama ngazi ina upana wa mita moja, kipande hicho kina ujazo wa mita za ujazo 2 na ushei. Kabati la nguo la milango mitatu, upana mita 1.8, kina sentimita 60 na kimo mita 2, lina ujazo uleule. Kwa hiyo tayari una kabati zima la milango mitatu ndani ya nyumba, na hujagusa chumba chochote cha kulala.

Kama ngazi yako inapinda katikati, hesabu ni nyingine. Vipandio tisa vya sentimita 17 vinakufikisha mita 1.53 pale ngazi inapopumzika kabla ya kugeuka. Toa unene wa zege na lipu, chini yake unabaki na mita 1.36 hivi, dari bapa bila mteremko wowote. Hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote pa vitu vizito, na hata fundi mchanga hawezi kupakosea.

Kisha pima kina, yaani kutoka mbele mpaka ukuta wa nyuma. Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mkono wa mtu mzima unafika sentimita 60 mpaka 70. Uvungu wenye kina cha mita moja una sentimita 30 au 40 za nyuma ambazo huzifikii bila kupiga magoti na kuingiza kichwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wazee walisema, na kwa anayetafuta kitu kimoja mara moja kwa mwaka ni sawa. Mimi nina mama mkwe mwenye magoti mabaya, na yeye ndiye anayejua kila sufuria ilipo na ya nani. Hawezi kuinama, na sioni sababu ya kumwinamisha. Kwa hiyo kwa kila aina ya kabati nauliza swali moja kwanza: kitu cha nyuma kabisa kinamfikiaje mtu?

Pazia

Jirani yangu ana waya mmoja uliokazwa kutoka ukuta hadi ukuta, pazia zito la mtumba alilonunua soko la Memorial, na nyuma yake makreti ya plastiki yaliyopangwa juu ya chaga. Aliifanya kazi yote mwenyewe Jumamosi moja asubuhi, na bodi aliyotumia ni sifuri.

Kuna faida ya pazia ambayo watu hawaioni, nayo ni hewa. Inapita mchana na usiku, na mashuka yake hayajawahi kunuka hata mwezi wa Mei. Hasara ni vumbi la Januari na Februari, na panya, kwa sababu pazia halimzuii panya hata dakika moja. Usiweke chakula nyuma ya pazia. Viatu, ndoo, mashuka yaliyofungwa kwenye mfuko wa zipu, vitabu vya shule vya mwaka jana, vyote vinakaa vizuri.

Kitu cha nyuma kinakufikiaje? Unavuta kreti la mbele, unaliweka kando, unavuta la pili. Inachosha, lakini inawezekana. Na kama umepanga nyumba, mimi nisingekwenda mbele zaidi ya hapa. Siku ukihama, waya na makreti vinahama nawe, wakati kabati la fundi unamwachia mwenye nyumba.

Milango

Ndiyo tuliyoanza nayo, kwa sababu ndiyo inayopendeza. Fundi alipiga fremu ya mbao za mbili kwa mbili kufuata mteremko, akaweka milango minne ya bodi za MDF za milimita 18 iliyopakwa rangi ya ukuta. Ukifunga, ukumbi unaonekana safi kama hakuna kitu. Eneo la mbele la kipande kile cha mita mbili ni kama mita za mraba 2.2, na bodi moja ya futi nne kwa nane ina karibu mita za mraba 3, kwa hiyo bodi moja inatosha milango na nyingine inatosha rafu. Bodi mbili. Siku za fundi zilikuwa tatu, na sehemu kubwa ya siku hizo ilimezwa na mteremko, maana kila mlango una pembe yake na hakuna mlango wa namna hiyo unaouzwa tayari dukani.

Mwaka wa kwanza tulifurahi. Mwezi wa Mei wa mwaka wa pili nilifungua mlango wa tatu kutafuta blanketi la bluu alilotuachia mama yangu. Harufu ilitangulia. Blanketi lilikuwa na madoa ya kijivu yenye manyoya membamba upande uliogusa ukuta, na nilipolikunjua vumbi la ukungu likapanda kwenye mwanga wa taa ya ukumbi. Nililiosha mara tatu, nikalianika siku mbili. Madoa hayakutoka yote. Nilipoinama kufunga mlango nikaona na wenyewe umeumia: ukingo wake wa chini ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, rangi imepasuka, na ukiubonyeza kwa kidole unabonyea.

Sababu zilikuwa tatu na zote zingeepukika. MDF ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, na ukingo wake uliokatwa unanyonya maji kuliko uso wake. Ukishavimba haurudi tena. Milango yetu iligusa sakafu, na sakafu hiyo inapigwa deki kila asubuhi. Pili, Rau ina maji. Mashamba ya mpunga hayako mbali, na masika ya Machi mpaka Mei yanaacha ardhi imelowa mpaka Juni. Tatu, milango ilifunga vizuri mno, hewa haikuwa na pa kupita.

Siku tunayoivunja tulikuta kule nyuma sufuria ya lita 30. Tulikuwa tumeshanunua nyingine, tukidhani ya kwanza iliazimwa kwenye msiba fulani ikapotea. Ilikuwa sentimita 90 kutoka mkononi mwetu muda wote.

Bado naona milango inafaa katika nyumba mbili: yenye ngazi nyembamba, kina kisichozidi sentimita 60, na ile ambayo uvungu wake unaonekana na mgeni anapoingia tu sebuleni. Ukiichagua, inua mlango angalau sentimita 5 kutoka sakafuni, paka rangi ukingo wa chini kabla haujafungwa kwenye bawaba, na toboa matundu ya hewa chini na juu, kwa sababu tundu la chini peke yake halivuti hewa. Rafu zisizidi sentimita 40 kwenda ndani. Nafasi ya nyuma inayobaki iachie ngazi ya kupandia, meza ya kukunja, vitu virefu vinavyoingia kwa ubavu. Na pima korido: mlango wa sentimita 60 ukifunguliwa kwenye korido ya sentimita 90 unamwachia mpita njia sentimita 30.

Droo

"Dada, njoo uone, unavuta kwa kidole kimoja," mdogo wangu aliniambia kwenye simu kutoka Njiro. Nilikwenda, na ni kweli. Droo zake saba zinateleza kimya, kila moja na kazi yake: viatu vya watoto, dawa, vifaa vya mume wake, chaja na nyaya ambazo zamani zilikuwa kila mahali. Kwa uzuri na kwa utaratibu hakuna aina nyingine inayoikaribia.

Ila nilipima. Ngazi yake ina kina cha mita 1.1, na droo zina kina cha sentimita 60, kwa sababu reli za droo zinazouzwa madukani kwa kawaida ni za inchi 12 mpaka 24. Nyuma ya droo zote kuna nusu mita iliyofungwa moja kwa moja. Upande wa chini kabisa wa ngazi panya wameshaikuta nafasi hiyo. Reli za kawaida zimetengenezwa kubeba kilo 35 mpaka 45 kwa jozi, na debe la mahindi linakaribia kilo 20, kwa hiyo madebe mawili tayari yanaifikisha reli mwisho wake. Halafu droo ni sanduku ndani ya sanduku. Linahitaji fremu iliyonyooka kabisa, na sakafu zetu nyingi hazijanyooka. Kwake fundi alikaa zaidi ya wiki, bodi zikaenda sita, na reli jozi saba juu yake.

Ni aina ghali kuliko zote hizi tano, na inabeba kidogo kuliko zote. Ningeichagua kwa vitu vidogo vinavyoguswa kila siku, na kwa ngazi isiyozidi sentimita 80 upana.

Masanduku ya magurudumu

Hii nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo ninayotaka watu waione kabla hawajatoa hela.

Wazo ni jepesi. Uvungu unabaki wazi, hakuna fremu inayopigwa kwenye ukuta wala kwenye zege. Unatengeneza masanduku matatu yanayosimama yenyewe, kila moja na magurudumu manne, yanayoingia uvunguni kama magari yanavyoingia gereji. Yetu yana upana wa sentimita 62 na kina cha sentimita 95 kila moja. Vimo, pamoja na magurudumu, ni sentimita 40, 80 na 120 kufuata mteremko. Mbele ya kila sanduku kuna ubao mmoja uliokatwa kwa pembe ya ngazi, mpana kidogo kuliko sanduku ili kuziba mianya, na yote matatu yakiwa ndani unaona uso mmoja mtupu kama wa milango. Pembeni sanduku halina ukuta mrefu, kuna kizuizi cha sentimita 15 au 20 kwa kila rafu. Kwa hiyo ukilivuta nje unachukua kitu kutoka kushoto au kulia, cha mbele na cha nyuma kwa urahisi uleule.

Bodi zilikwenda nne. Ni mbili zaidi ya milango, lakini hakuna bawaba, hakuna vitasa, hakuna siku nzima ya kukimbizana na pembe za ukuta. Fundi alifanya kazi siku nne kwenye karakana yake mwenyewe, bila vumbi la msumeno ndani ya nyumba yangu, na siku ya tano akaja na mkokoteni, akasukuma masanduku ndani kwa saa moja.

Magurudumu ndiyo roho ya kitu hiki. Fundi alitaka kuweka yale yanayozunguka pande zote, kama ya kiti cha ofisini. Yanafaa kwa kitu kinachotembea nyumba nzima. Kwa sanduku linaloingia na kutoka kwenye mstari mmoja yanalifanya liyumbe na kukwaruza la jirani. Tuliweka manne yaliyokaza, yanayokwenda mbele na nyuma tu. Chagua yenye mpira, kwa sababu yale ya plastiki ngumu yanapiga kelele kwenye marumaru na yanachimba sakafu ya saruji isiyo imara. Yafunge kwa boliti na nati. Skrubu kwenye bodi hulegea baada ya miezi michache ya kuvutwa.

Mpini wetu ni kamba nene ya katani iliyopitishwa kwenye matundu mawili na kufungwa fundo kwa ndani. Ni rahisi kuliko chuma, na mtoto akigonga kichwa hapo haumii.

Sanduku refu lina hatari moja ambayo lazima niiseme. Likiwa nje na vitu vizito vikiwa juu, mtoto akining'inia linaweza kuinama na kumwangukia. Sufuria na vyombo vya udongo vikae chini kabisa, blanketi na mito juu. Ukutani nyuma tumefunga mnyororo mfupi unaolizuia sanduku hilo lisitoke lote, sentimita 15 za mwisho zinabaki ndani.

Tarehe 21 Desemba mwaka jana mama mkwe alikaa kwenye kigoda pale ukumbini, akavuta kamba, sanduku la kati likamjia mpaka magotini. Akaanza kutoa sufuria moja moja, akizihesabu kwa sauti na kuziita kwa majina ya waliozinunua. Hakusimama mpaka alipomaliza. Mwaka uliotangulia kazi hiyo ilifanywa na wajukuu watatu na tochi.

Ubaya wake? Unahitaji nafasi ya karibu mita moja mbele ya ngazi ili sanduku litoke lote, na korido nyembamba haina nafasi hiyo. Sakafu lazima iwe sawa, bila kizingiti wala marumaru zilizonyanyuka. Na masanduku hayafungwi kwa ufunguo, kwa hiyo vitu vya thamani vitafutie pengine.

Magodoro hayamo kwenye masanduku. Kutoka mita ya tatu kwenda juu uvungu una kimo cha kutosha kusimamisha godoro la sponji, na hapo tumeyaegemeza sita, wima, juu ya chaga, kwa mkanda mmoja.

Ukuta wa tofali na mlango

Unapata stoo ya kweli yenye kufuli, panya hawaingii kama sakafu ni nzima, na tofali haliogopi maji. Lakini unaongeza giza, unafunga hewa kuliko milango yoyote, na swali la kitu cha nyuma linabaki palepale. Ukishajenga huwezi kubadili mawazo bila nyundo. Ningeikubali chini ya ngazi kubwa tu, ambapo mtu anaingia na kusimama ndani, na kwa sharti la matundu ya hewa chini na juu pamoja na taa.

Bodi, mbao au chuma

Kabla ya kuchagua, ipime sakafu kwa karatasi ya nailoni. Kata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni uvunguni kwa selotepu pande zote nne, kiache siku nzima, usiku na mchana. Ukikuta matone chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini, na MDF haikufai hata ukiipaka rangi mara tatu. Chumvichumvi nyeupe inayotoka kwenye rangi ya ukuta inakuambia habari ileile.

Sisi masanduku tuliyatengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18 upande wa mbele, na sakafu zake kwa bodi zile nyeusi zinazotumika kumwagia zege la ghorofa. Mtu akimaliza kumwaga zege huziuza kwa bei ndogo, na kwa kuwa zimetengenezwa kukabili maji, chini ya sufuria zinakaa miaka. Ng'oa misumari yote, kwangua saruji, kata kingo zilizopasuka. Hapo ndipo tulipookoa fedha nyingi kuliko popote.

Mbao za saiprasi na paini huku kaskazini hazina shida kupatikana, kwa sababu ya misitu ya kupandwa ya West Kilimanjaro, Rongai na Meru. Ni nzuri kwa chaga na fremu. Usinunue mbichi. Mbao mbichi ni nzito na baridi mkononi, na ikikauka ndani ya nyumba inapinda na kufungua maungio yote. Zile zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, zinazuia mchwa vizuri lakini usizigusishe na chakula.

Skwea paipu inafaa kama fundi wa kuchomelea yuko karibu nawe kuliko seremala. Fremu ya chuma haivimbi wala hailiwi na mchwa. Ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho, hasa kwenye sehemu zilizochomelewa na miguu inayogusa sakafu. Kwa Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa kama mita 1,400 na yenye Juni na Julai za ubaridi wa unyevunyevu, mdogo wangu anasema angechagua chuma kama angeanza upya.

Visivyokaa uvunguni

Mtungi wa gesi, hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya chini, na uvungu uliofungwa ni bakuli linaloingoja. Ngazi ndiyo njia ya kutokea kwa waliolala juu. Moto ukianza hapo, umewafungia. Kwa sababu hiyohiyo petroli, mafuta ya taa na mkaa viwe nje.

Kama mita ya LUKU au boksi la breka liko ukutani humo, liache wazi lifikiwe usiku wa giza bila kuhamisha kitu. Na asitokee fundi wa kuchimba zege la ngazi kwa chini ili apate sentimita tatu zaidi, kwa kuwa nondo zinazobeba ngazi zimepita hukohuko chini.

Mahindi na maharage yanaweza kukaa, yakiwa yamekauka vizuri na kufungwa kwenye mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Dumuzi, yule mdudu wa mahindi, hula hata mbao, kwa hiyo ukimpeleka uvunguni na gunia la kawaida unaweza kumkuta baadaye kwenye fremu.

Mimi ningeamua hivi

Umepanga, au fedha ni za makreti tu: pazia, bila aibu. Korido nyembamba na ngazi isiyo na kina: milango iliyoinuliwa, yenye matundu. Nyumba ina watoto wengi na vitu vidogo vingi, na fedha ipo: droo mbili au tatu upande mmoja, usijaze ngazi nzima. Kina cha mita moja, vyombo vizito, wazee nyumbani: masanduku ya magurudumu, na hapo sina kigugumizi. Unaweza pia kuchanganya. Dada mmoja wa hapa Rau alikuja kuona yetu, akaenda kutengeneza sanduku moja tu kwa ajili ya masufuria, upande wa pili akaweka pazia. Bodi moja na nusu, na anaridhika.

Jambo la mwisho ni tarehe. Seremala mzuri wa Moshi humpati mwezi wa Desemba, maana na yeye amepanda kwao Marangu au Rombo, na Novemba ana vitanda na viti vya watu wote wanaotarajia wageni. Mbao nazo zimekauka vizuri zaidi mwezi wa Septemba, kabla ya vuli. Sisi tulimwita fundi wiki ya kwanza ya Septemba, akaja siku ya pili yake na futi yake mfukoni.